Punguza Gharama za Umeme: Anza na Hesabu

Katika kaya nyingi za Tanzania husikika malalamiko kuwa umeme wa LUKU unakwisha upesi. Kabla ya kulaumu mita, ni vema kila familia ijue uniti ni nini: ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja.

Tuchukue mfano wa taa. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu nne hutumia 36. Balbu nne za LED za wati 9 hutumia uniti zisizofika 6. Zimeokolewa uniti 30.

Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, wateja wadogo wa kundi la D1 walitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75, na 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi. Hivyo uniti 100 ziligharimu shilingi 16,250, lakini uniti 70 ziligharimu 7,000 tu.

Mambo mengine ya kufanya:

- Pigeni pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja.
- Chemsheni maji ya kutosha tu. Yanayobaki yawekwe kwenye chupa ya chai.
- Banisheni karatasi kwenye mlango wa friji. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inapotea.

Kamati za parokia zifundishe hesabu hii katika jumuiya ndogo ndogo. Kwa kaya ya mjane au mzee, balbu nne ni msaada unaorudi kila mwezi.