MAUMIVU: ASKARI TUSIYEMPENDA

Bila shaka umewahi kujikwaa gizani kwenye ngazi za bweni, ukauma meno na kutamani ati binadamu angeumbwa bila maumivu. Hata mimi nilitamani hivyo, mpaka likizo ya Agosti nilipomtembelea babu kijijini.

Jioni moja babu alirudi kutoka shambani, akaketi kunywa chai. Mara nyanya akaona damu sakafuni. Tulipomvua akala, lo! Msumari ulikuwa umetoboa mpira ukaingia mguuni.

"Mbona hukusema?" nyanya akamwuliza.

"Ningesema nini, nami siumwi?" babu akajibu.

Kidonda kilioza, na hatimaye babu akakatwa kidole gumba cha mguu. Daktari alitueleza kwamba kisukari alichokuwa nacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeharibu neva za miguu yake. Niliporudi shuleni nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia kwa maswali. Haya ndiyo niliyojifunza.

Neva ni nyuzi nyembamba zinazopeleka habari ubongoni kupitia uti wa mgongo, mithili ya nyaya za simu. Mwanzoni mwa nyaya hizo mna vipokezi, na kila aina ina kazi yake. Ngozini, vingine hutambua mguso mwepesi, vingine kukandamizwa, vingine joto au baridi, na vingine hungojea hatari tu. Kwenye ncha za vidole vipokezi vya mguso vimesongamana sana, lakini mgongoni ni vichache. Ndiyo maana unaweza kuijua sarafu mfukoni kwa kuipapasa tu.

Sasa hebu fumba macho, kisha uguse pua yako. Umeipata, sivyo? Nani amekuonyesha njia? Kumbe ndani ya misuli na maungio pia mna vipokezi, vinavyouarifu ubongo kila wakati mkono uko wapi na goti limekunjwa kiasi gani. Babu alikuwa ameanza kupoteza hisi hiyo pia. Taa ikizimwa aliyumba kama mlevi, nasi tukadhani ni uzee!

Na maumivu je? Ukishika sufuria ya moto, mkono hujiondoa kabla ubongo haujajua lolote, kwa sababu uti wa mgongo wenyewe hutoa amri. Kisha uchungu hufika mara mbili. Wa kwanza ni mkali na wa haraka. Wa pili hupita kwenye neva nyembamba zaidi, kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde, yaani kama mtu anayetembea polepole. Huo ndio unaokaa na kuchoma, ukikuonya: usikikanyagie kidonda hiki, kipe nafasi kipone.

Mambo haya bado yanachunguzwa. Mwaka wa 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel. Julius alitumia kile kinachofanya pilipili iwashe, akagundua kipokezi cha joto kali. Basi ukisema pilipili "inachoma", hujakosea, kwani pilipili na moto hubisha mlango mmoja! Patapoutian naye aligundua vipokezi vya mguso, ambavyo pia hutusaidia kujua mkao wa mwili.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, neva huharibika, na zile ndefu zaidi, za miguu, ndizo hutangulia. Askari akishakufa, mwizi huingia bila kelele. Ndivyo msumari ulivyoingia kwa babu.

Wenzangu, wengi wetu tuna wazee nyumbani wenye kisukari. Ukienda likizo, usingoje mzee aseme anaumwa. Kila jioni mwangalie nyayo na katikati ya vidole. Kagua viatu vyake kwa mkono kabla hajavivaa, na umpimie maji ya kuoga yasimwunguze. Asitembee miguu mitupu. Ukiona kidonda, hata kidogo, apelekwe hospitali mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hizi mimi ndiye macho ya miguu ya babu kila nikiwa nyumbani. Nawe ukijikwaa tena kwenye zile ngazi, lia kidogo, kisha umshukuru askari wako. Yu hai.