Ngoma ya sokoni: Kibali cha upande huu hakivuki mpaka

Muuza vitenge anayefungua kibanda kipya Busia, au mwenye duka la vyombo Namanga anayetaka mtaa mzima ujue kwamba mzigo umeingia, anajua njia ya mkato ya kukusanya watu: kuita ngoma. Wapiga ngoma wanne, kijana mmoja wa sarakasi na spika ya kukodi hufanya kazi ambayo bango haliwezi. Watu husimama, watoto husogea mbele, na robo saa haijaisha wateja wameshaanza kuuliza bei.

Kinachosahaulika ni kwamba barabara ile ina mwenyewe. Askari wa kaunti upande wa Kenya, au mgambo wa halmashauri upande wa Tanzania, akifika na kuuliza kibali, wa kwanza kupoteza ni msanii ambaye siku hiyo alitegemea elfu mbili tatu za kula. Wa pili ni mfanyabiashara aliyemwita, maana spika ikichukuliwa na mkusanyiko ukitawanywa, mzigo unabaki kibandani.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna kibali kimoja cha msanii wa barabarani. Kuna vibali kadhaa, kila kimoja na ofisi yake, na kila nchi ina utaratibu wake. Ukivitazama kwa karibu, vyote vinajibu maswali manne. Mahali hapa ni pa nani? Sauti itafika wapi? Sanaa hii inasimamiwa na nani? Na huyu msanii ameingia nchini kwa hati gani?

Kenya: Anza na kaunti

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti shughuli za kitamaduni, burudani za umma, bustani na fukwe za kaunti, pamoja na udhibiti wa kelele na matangazo ya nje. Kwa hiyo anayetaka kucheza ngoma stendi, sokoni au kwenye bustani ya mji huanzia ofisi ya kaunti au ya mji husika, si Nairobi.

Ada haifanani. Kila kaunti hupitisha Sheria ya Fedha yake, na humo ndimo viwango vya maonyesho na matangazo ya barabarani hupangwa. Aliyelipa Busia hawezi kuonyesha risiti hiyo Kajiado akidhani atapita. Pia leseni ya biashara ya duka ni ya duka. Ngoma ikitoka nje ya mlango na kukaa kwenye njia ya waenda kwa miguu, hilo ni jambo jingine lenye ruhusa yake.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye sauti. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana katika eneo la biashara na 35 usiku. Mchana wa kanuni hizo unaanza saa 12:01 asubuhi na kuishia saa 2:00 usiku. Ili kuelewa kiwango hicho, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukaribia desibeli 60. Ngoma moja tu iliyowambwa vizuri inapita hapo bila hata kuunganishwa na spika.

Maana yake ni kwamba onyesho la ngoma au la vipaza sauti huhitaji leseni ya kutoa sauti inayozidi kikomo, iombwe kabla ya siku yenyewe. Kanuni hizo pia zinawagusa wachuuzi moja kwa moja, kwa kuwa zinakataza kunadi bidhaa kwa kupiga kelele katikati ya mji, kwenye makazi na katika maeneo ya utulivu kama vile jirani na hospitali. Mfanyabiashara anayeamini kwamba ngoma itamwepusha na kosa la kunadi kwa sauti anajidanganya. Mbele ya ofisa wa mazingira, yote mawili ni kelele.

Tanzania: Ofisa utamaduni na Basata

Upande wa Tanzania Bara, swali la sanaa ndilo linalotangulia. Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na kanuni zake za mwaka 2018 zinataka msanii na kikundi cha sanaa wasajiliwe. Mkono wa baraza hilo huko chini ni ofisa utamaduni wa halmashauri. Kikundi kinachotaka kucheza kwenye uwanja wa soko huko Longido au Tarime hupita kwake, na kwa desturi mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa hujulishwa pia. Mwenyekiti asipojua, ndiye wa kwanza kupiga simu kulalamika.

Halmashauri nazo zina sheria ndogo kuhusu matumizi ya barabara, stendi na masoko. Hizo ndizo zinazompa mgambo nguvu ya kuondoa mkusanyiko unaoziba njia, hata kama kikundi kina usajili kamili wa Basata. Usajili unathibitisha kwamba wewe ni msanii. Haukupi kipande cha barabara.

Anayevuka maji kwenda Zanzibar aanze upya, kwa kuwa sanaa si jambo la Muungano. Visiwani kuna baraza lake, Bassfu. Ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, kuna pia mamlaka ya kuuhifadhi mji huo. Bustani ya Forodhani, ambako jioni vijana wa makachu huruka baharini kwa mitindo huku wageni wakipiga picha, iko ndani ya eneo hilo. Kikundi kutoka Tanga au Mombasa kinachotamani umati wa pale hakina budi kubisha zaidi ya mlango mmoja.

Uganda na Burundi: Sheria ya zamani na ngoma ya taifa

Uganda bado ina sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za umma iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Mwaka 2019 serikali ilipoleta kanuni mpya chini ya sheria hiyo, zenye masharti ya leseni kwa wasanii na waandaaji, wasanii wengi walipinga wakisema zitawabana wadogo kuliko wakubwa. Hoja yao inaeleweka. Mwimbaji mwenye meneja na wakili anaweza kujaza fomu, lakini mpiga adungu wa stendi anayeishi kwa sarafu za abiria hana pa kuanzia. Katika miji, mamlaka za mji nazo zina kauli yao juu ya nani asimame wapi.

Masharti makali zaidi yako Burundi. Ngoma ya kifalme ya nchi hiyo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2014. Katika Kirundi neno ingoma humaanisha ngoma na pia ufalme, na pengine hilo linaeleza kwa nini dola inailinda hivyo. Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayotaka vikundi vya ngoma hiyo visajiliwe na wizara ya utamaduni, inayokataza ipigwe nje ya sherehe rasmi bila idhini, na inayowazuia wanawake kuipiga. Sherehe isiyo rasmi ikiruhusiwa, mwandaaji anatakiwa kulipa faranga 500,000 za Burundi kwenye hazina.

Kwa mfanyabiashara wa Kobero au Manyovu anayefikiria kuwaita wapiga ngoma wa Kirundi kwa ufunguzi wa duka, kiasi hicho si cha kupuuza. Kinaweza kumeza faida ya mzigo mzima. Ni vyema ajue mapema kuliko kujua siku ya shughuli.

Mzigo una njia, msanii hana

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoona tofauti. Akivuka na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Mpiga ngoma anayeketi naye kwenye basi lile lile hana cheti cha namna hiyo.

Sababu iko kwenye maandishi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, ilifungua huduma kwa sekta saba: biashara na taaluma, mawasiliano, usambazaji, elimu, fedha, utalii na uchukuzi. Burudani na utamaduni havikuwekwa kama sekta yao. Msanii anabaki mikononi mwa sheria za kila nchi, na hati ya kuingia kwa matembezi haimruhusu kufanya kazi ya malipo. Tanzania Bara, mwandaaji anayemwita msanii wa nje huomba kibali chake Basata kabla hajafika.

Si kwamba Jumuiya haithamini sanaa. Tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, limefanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Lakini vikundi vinavyokwenda huko huenda na barua ya wizara. Asiye na barua hurudi kwenye foleni ya uhamiaji na kujieleza mwenyewe.

Angalia na ngozi

Liko jambo dogo ambalo huwaponza wengi. Vifaa vya muziki vinaweza kuingizwa kwa muda bila ushuru chini ya Kifungu cha 117 cha sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, mradi virudishwe ndani ya muda uliopangwa, usiozidi miezi 12. Orodhesha kila kifaa unapoingia ili usiambiwe unapotoka kwamba uliuza.

Lakini forodha si pekee wanaotazama. Engalabi, ile ngoma ndefu ya Waganda, kwa asili huwambwa ngozi ya kenge, na mavazi ya baadhi ya ngoma zetu hutumia manyoya ya mbega. Kenge na mbega wote wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, sawa na chatu anayebebwa na wacheza nyoka. Kuvuka navyo bila kibali cha wanyamapori kunaweza kugeuza safari ya ngoma kuwa kesi ya nyara. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi, na manyoya ya bandia, huepusha maelezo marefu.

Kabla ya kuita ngoma

Kwa anayetaka kunadi biashara yake kwa sanaa, mpangilio wenye unafuu ni kuchukua kikundi cha upande ule ule wa duka, chenye usajili wake, ili maswali ya uhamiaji yasiwepo. Kinachobaki ni ruhusa ya mahali na ya sauti. Ombi liandikwe, litaje siku, saa, eneo na idadi ya vipaza sauti, na nakala iliyogongwa muhuri ishikwe mkononi na mtu aliyepo pale, si iachwe nyumbani. Risiti iwe ya serikali. Fedha anayopewa askari barabarani haimlindi mtu dhidi ya askari wa zamu inayofuata. Kama zitapigwa nyimbo za wengine kwenye spika, leseni ya hakimiliki nayo huhitajika.

Makubaliano na wasanii yaseme pia nani analipa ikiwa onyesho litasimamishwa. Kwa kawaida hasara hiyo humwangukia mpiga ngoma, ambaye hakuchagua mahali wala saa.

Cheti chepesi cha bidhaa kilikuja baada ya nchi wanachama kukubali kwamba mama mwenye magunia mawili hawezi kupitishwa njia ya mwenye lori kumi. Mpiga ngoma wa sokoni yuko mahali pale pale alipokuwa mama huyo. Fomu moja fupi inayotambuliwa pande zote mbili za mpaka, hata kwa siku tatu za gulio, ingempa njia halali ya kuvuka, na ingempa mwenye duka sababu ya kumlipa mchana kweupe.