Someaneni Hofu, Wapenzi

Tuseme ajira imewaleta Mtinko, Singida: wewe mwalimu, mwenzako muuguzi. Usiku upepo unavuma, ukumbi wa sinema hakuna, na stori za mshahara zimeisha. Hebu someaneni kitabu cha kutisha, lakini si cha majini na damu.

Kule Marekani, bingwa wa hofu hiyo nyingine ni H. P. Lovecraft (1890–1937). Kwake, ulimwengu ni mkubwa mno na haujali kama binadamu yupo. Ana mashabiki hadi leo, ingawa chuki yake kwa watu weusi inakera, na mkimsoma hamtakwepa kulijadili hilo.

Wa kwetu aliye karibu naye ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, 1944, aliyefariki 2020. Wengi tunamjua kwa Rosa Mistika (1971), riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Waliofungua Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni wachache. Humo msafiri hajui njia inakompeleka, kina Plato na Nietzsche wanajitokeza kama majirani, na uhai wenyewe unakuwa fumbo. Ni vitabu vyembamba, ila havisomwi kwa pupa, nakuambia!

Utamu kwa wapenzi ni ubishi. Mmoja atasema Mungu yumo mle, mwingine atakataa katakata. Hapo ndipo utasikia mwenzako anaogopa nini hasa: kufa, kuachwa, au kusahauliwa. Kuna wanaolala kitanda kimoja miaka mitano bila kuulizana hilo.

Anzeni na kurasa tano kwa usiku. Atakayeomba taa isizimwe, asichekwe.