Breki za Pikipiki: Nati Isikudanganye

Mjini Juba pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Humfikisha askari lindoni, mama katika soko la Konyo Konyo na mtoto shuleni. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192 na iliyokamilika mwaka 2012, imeharakisha safari. Lakini nje ya lami vumbi la kiangazi na tope la mvua havina huruma kwa breki. Mwenye kwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Kasi ikizidi maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne.

Pikipiki nyingi ndogo hutumia breki za ngoma, walau gurudumu la nyuma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vyenye bitana. Ukikanyaga, viatu hutanuka vikaibana ngoma. Bitana hulika kidogo kidogo, na kanyagio hulegea. Hapo wengi hukaza nati wakadhani breki imepona. Sivyo. Nati huondoa ulegevu tu. Hairudishi bitana iliyolika.

Ndugu msomaji, kila wiki fanya ukaguzi huu:

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa.

2. Kanyaga breki kwa mkono. Kwa kawaida kanyagio hushuka sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kuanza kushika. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, kifuate hicho.

3. Ikiwa imelegea, kaza nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki, nusu mzunguko kila mara, huku ukihakikisha imekaa vizuri katika kikalio chake.

4. Zungusha gurudumu. Lizunguke bila kukwaruza, na ukikanyaga lisimame mara moja. Breki iliyokazwa kupita kiasi huunguza bitana.

5. Kanyaga kwa nguvu, kisha tazama mshale ulio kwenye kifuniko cha ngoma. Ukifikia alama, viatu vimekwisha. Badilisha vyote viwili.

Ukikaza mnyororo, kagua tena breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu limesogea. Hakikisha pia kuwa taa ya nyuma huwaka ukanyagapo. Usipulize vumbi la ngoma, kwani bitana nyingine zina asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Oili na grisi zisiguse bitana kamwe. Baada ya kuvuka maji, nenda polepole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo hadi ikauke.

Mwishowe, ijaribu kila breki peke yake kwa mwendo mdogo, mahali pasipo na watu, kabla ya kumpakia mtu. Mke au mtoto aliyekaa nyuma hana breki ya kushika. Hutegemea uliyoikagua wewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.