Kipimo cha sikoseli kabla ya ndoa: nani mwenye uamuzi?

Kila mjadala wa sikoseli ukiibuka, hatakosa mtu wa kusema kwamba serikali iwalazimishe wachumba wote wapime, na wenye vinasaba vya ugonjwa huo wakatazwe kuoana. Husema hivyo kwa nia njema, na mara nyingi msemaji mwenyewe amezika mtoto. Simlaumu. Ila pendekezo lake lina historia ndefu na chafu, na hesabu yake haitoki kama anavyodhani.

Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwenye nakala moja ya jeni yenye hitilafu, yaani AS, ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na wengi wa aina yake hufika uzeeni bila kujua. Wabebaji wawili wakizaa, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa (SS), asilimia 50 wa mbebaji, na asilimia 25 wa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Nasisitiza kila ujauzito, maana wapo wanaoamini kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Na ile lawama kwamba ugonjwa umeletwa na ukoo wa mama, lawama iliyovunja ndoa za watu, ni uzushi mtupu: pasipo jeni ya baba, mtoto asingekuwa SS.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na iko pamoja na Nigeria, Kongo na India kati ya nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Kwa nini sisi? Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji wengi. Nyanda za juu zenye baridi, wachache mno. Ramani hiyo ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja ya jeni hii humkinga mtu na malaria kali. Kwa hiyo jeni tunayoambiwa ni doa la ukoo ndiyo iliyowavusha wengi wa mababu zetu utotoni.

Waliohubiri kusafisha uzao wa binadamu hawakujua haya, na sidhani yangewazuia. Itikadi ya yujeniki ilipewa jina na Mwingereza Francis Galton mwaka 1883: walio bora wahimizwe kuzaa, walio duni wazuiwe. Jimbo la Indiana, Marekani, lilitunga sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikabariki sheria ya namna hiyo mwaka 1927, na zaidi ya watu 60,000 wakafungwa kizazi. Ujerumani ya Hitler ilipitisha sheria yake mwaka 1933, ikawafunga kizazi watu wapatao 400,000, kisha ikaanza kuwaua wagonjwa na walemavu.

Mwaka huo huo wa 1933 walowezi wa Nairobi nao walianzisha chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alidai kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa nao, na mwenzake F. W. Vint akapima ubongo wa maiti ili kumuunga mkono. Waliomba fedha London za utafiti mkubwa zaidi, wakanyimwa.

Baada ya vita, wengi waliona aibu hata kulitaja neno lenyewe, lakini fikra haikufa. Mwaka 1968 Linus Pauling, mshindi wa Nobel ya kemia na ya amani pia, alipendekeza vijana wenye jeni ya sikoseli wachanjwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane kwa kutojua. Ya amani! Miaka michache baadaye majimbo kadhaa ya Marekani yaliwalazimisha watu weusi kupima, na wabebaji wasioumwa chochote wakakosa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo kiliacha kuwakataa mwaka 1981 tu.

Sasa turudi kwenye hesabu. Chukua mji ambao watu 15 katika 100 ni wabebaji. Ukiokota wachumba bila kuchagua, jozi kama mbili katika 100 zitakuwa za wabebaji watupu. Zizuie zote: watoto wagonjwa watapungua, ndiyo, lakini wabebaji wataoa na kuolewa na wasio na jeni, na nusu ya watoto wao watakuwa wabebaji. Jeni haitapungua hata kidogo. Penye malaria itaongezeka polepole, kwa sababu nakala zilizokuwa zikipotea kwa vifo vya watoto wa SS sasa zinabaki. Katazo hilo litahitaji polisi wa ndoa kizazi baada ya kizazi, na litawakuta watu wanaozaa bila cheti cha ndoa.

Saudi Arabia ilifanya kipimo kuwa lazima mwaka 2004, ila ikawaachia wachumba uamuzi. Mwaka huo, kati ya jozi zilizoambiwa ziko hatarini, chini ya moja katika kumi zilivunja uchumba. Kufikia 2009 zilikuwa zaidi ya nusu, na hakuna aliyekatazwa. Sishangai kwamba mwanzo ulikuwa mgumu. Majibu yanayokuja wakati mahari imeshalipwa na kadi za mwaliko zimeshagawiwa humpa mtu elimu bila kumpa nafasi ya kuitumia.

Wenye fedha wana njia nyingine: kutungisha mimba maabara, kupima viinitete, na kupandikiza kisicho na ugonjwa. Wanandoa wakichagua hivyo kwa hiari yao, siwaiti warithi wa Galton. Kinachonitia hofu ni siku muuguzi, bima au mawifi watakapomwambia mama mwenye mtoto wa SS, “mlijua, mlizaa wa nini?” Kwa maneno hayo hiari imeshageuka amri, hata kama hakuna sheria iliyopitishwa.

Ndiyo maana natazama kwanza fedha zinakwenda wapi. Mtoto mgonjwa hugundulika kwa tone la damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo ya nimonia, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea humbadilishia maisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini peke yake ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84, na huko sasa zaidi ya watoto 95 katika 100 wenye sikoseli hufikia utu uzima. Afrika inakadiriwa kwamba nusu au zaidi hufa kabla ya miaka mitano, na jeni ni ile ile. Serikali inayotaka kuwapima wachumba huku zahanati haina penisilini imechagua kuzuia wagonjwa wasizaliwe badala ya kuwatibu waliopo.

Vijana wapime, tena mapema, kabla mshenga hajatumwa. Majibu apewe mwenye damu, pamoja na mshauri wa kumweleza. Sheikh na mchungaji wasubiri kuambiwa na mwenyewe akipenda. Na wabebaji wawili wakiamua kuoana, kliniki iandike hivyo kwenye kadi ya ujauzito kwa ridhaa yao, ili mtoto apimwe wiki ile ile anayozaliwa.