Ushuru wa Nyumba na Mpango wa Mji: Mkazi wa Kitengela Ajue Nini?

Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi hutoka Noonkopir na mitaa mingine ya Kitengela, wengine kwa miguu na wengine kwa matatu, kwenda kazini katika EPZ na viwanda vya Athi River. Viwanda hivyo viko Kaunti ya Machakos, lakini wafanyakazi wanaishi Kajiado. Hivyo maji wanayotumia, barabara za mitaa yao, maji taka na nyumba zao ni shughuli ya kaunti yetu, ingawa lango la kiwanda liko ng'ambo ya mpaka.

Shughuli hiyo inazidi kukua. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, idadi ya watu Kajiado ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840. Mji wa Kitengela pekee ulihesabiwa kuwa na watu 154,436. Makala hii inaeleza njia ambazo sheria imetoa ili wafanyakazi wapate makao wanayoyamudu, na mahali mkazi anapoingia.

Kwa nini ardhi ya umma ni haba?

Mwaka 1988, ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake 215, kila mmoja akapata kipande chake. Miaka miwili baadaye, sheria ya EPZ ilipitishwa na viwanda vikaanza kuvuta watu. Vipande vikubwa vikauzwa, vikakatwa kuwa ploti, na ploti zikajengwa nyumba za kupangisha. Kwa hiyo nyumba nyingi mjini ni za watu binafsi, na kaunti haina ardhi kubwa ya kujengea. Uwezo wake mkubwa uko katika kupanga, kutoa vibali na kupeleka huduma.

Ushuru unaokatwa kwenye mshahara

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini mwezi Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Anayelipwa Sh18,000 hukatwa Sh270, mwajiri akatoa Sh270; jumla Sh540 kwa mwezi. Waliojiajiri pia wanatakiwa kulipa asilimia 1.5 ya mapato yao. Pesa hizo hukusanywa na KRA kwa niaba ya Serikali ya Kitaifa. Haziingii katika akaunti za kaunti.

Sheria inagawa nyumba za mijini kwa kipato. Anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi yumo katika kundi la nyumba za jamii. Wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 wako katika nyumba za bei nafuu, na wanaozidi hapo wana kundi lao. Mshonaji wa kiwandani na karani wa ofisini, basi, huenda wasiwe katika foleni moja.

Muhimu zaidi: kukatwa ushuru hakukupi nyumba moja kwa moja. Ni lazima ujisajili katika Boma Yangu, ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA, kisha uombe mradi unaoutaka. Unaweza pia kuweka akiba humo kidogo kidogo ili kufikisha malipo ya kwanza. Usimpe wakala pesa kwa ahadi kwamba atakupenyeza mbele ya wengine.

Kaunti inafanya nini?

Katiba, katika Jedwali la Nne, inaiachia Serikali ya Kitaifa sera ya nyumba, na kuipa kaunti upangaji wa maendeleo na huduma ya nyumba. Sheria ya 2024 nayo inaunda kamati ya nyumba katika kila kaunti.

Njia ya kwanza ni mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huonyesha panapofaa ghorofa, viwanda, shule na malisho. Nyumba zikijengwa karibu na barabara na mabomba yaliyopo, kila shilingi ya huduma huwafikia watu wengi. Zikitawanyika hadi nyanda za Athi-Kapiti, mfugaji hukosa njia ya ng'ombe, wanyama wa Mbuga ya Nairobi hukosa njia ya kusini, na mpangaji hukaa mbali na maji na kazi.

Njia ya pili ni kibali. Chini ya Sheria ya Upangaji wa Ardhi ya 2019, huruhusiwi kujenga wala kubadilisha matumizi ya ploti bila idhini ya kaunti. Mwenye ploti anaweza kuona hilo kama usumbufu, lakini ndicho kinga ya mpangaji dhidi ya jengo lisilo na njia ya zimamoto wala pa kupeleka maji taka. Kabla ya kununua ploti, uliza ofisi ya mipango kama eneo hilo limetengwa kwa makazi.

Njia ya tatu ni hati. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mwenye nyumba moja ndani ya ghorofa kupata hati yake mwenyewe, ambayo anaweza kuitumia kuombea mkopo.

Njia ya nne ni bajeti. Barabara ya mtaa, bomba au taa za soko zikifika, wajenzi na wafanyabiashara hufuata.

Sauti yako inaingia wapi?

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma huitishwa kabla ya maamuzi hayo. Njoo na ombi mahususi: taja mtaa, taja barabara, eleza ni nyumba ngapi hazina maji. Mpangaji ana haki ya kusema sawa na mwenye ploti, kwa kuwa Ibara ya 43 inamhakikishia kila mtu haki ya makao yanayofaa, awe na hati au awe anapanga.