Kufufua na Kutunza Mashine Kuukuu za Boti

Katika maghala ya vyama vya wavuvi si ajabu kukuta mashine ya boti imelazwa pembeni na kufunikwa gunia, huku daftari la mali likiendelea kuihesabu kuwa ni nzima. Hiyo ni hasara mara mbili: wanachama hawapati kazi yake, na hesabu za chama zinasema lisilokuwepo. Yapasa kamati iamue kwa vipimo, si kwa matumaini, ama mashine ifufuliwe ama iuzwe kuwa chakavu.

Kupima kabla ya kununua spea

Kwanza plagi zifunguliwe, oili kidogo imiminwe ndani ya silinda, na mashine iachwe usiku kucha. Kisha flaiwili izungushwe polepole kwa mkono. Kuvuta kamba kwa nguvu wakati pistoni zimeganda huweza kuvunja ringi. Ikizunguka, fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda zikipishana sana, ringi au silinda yenyewe imelika, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa. Oili ya gia nayo imwagwe na kutazamwa: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimechoka.

Baada ya hapo ndipo orodha ya spea na bei zake iandikwe, ilinganishwe na bei ya mashine nzima, na kufikishwa mbele ya kamati.

Kufufua

Kabureta isafishwe kwa petroli. Vitundu vyake vipulizwe kwa upepo, visichokonolewe kwa waya, kwani kitundu kikipanuka kipimo cha mafuta huharibika. Raba ya pampu ya maji ibadilishwe hata kama yaonekana nzima, maana raba iliyokaa miaka mingi hukakamaa na kukatika. Mashine isiwashwe kamwe pakavu; ijaribiwe ndani ya pipa la maji, na maji ya kupoozea yaonekane yakitoka.

Oili katika petroli

Mashine nyingi za kale hazina oili ya injini iliyo mahali pake peke yake. Pistoni hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Kipimo si kimoja kwa mashine zote. Ziko zinazotaka nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, ziko zinazotaka lita nzima kwa kiasi hicho hicho, na Seagull za kale za Uingereza zilitaka lita 1 kwa lita 10. Anayekisia, au anayepunguza oili ili kuokoa fedha, huiunguza mashine yenye thamani kubwa mno kuliko oili hiyo. Kwa hiyo kipimo kiandikwe kwa rangi juu ya dumu la kila mashine, na mchanganyiko ufanywe ghalani na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Matunzo ya kila siku

Mashine itokayo baharini, kama kule Kilwa na Mafia, isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi kila irudipo, ndani na nje. Katika Ziwa Victoria hakuna chumvi, lakini mchanga hula raba ya pampu, na magugu maji huziba matundu ya kuingizia maji. Mashine iliyozama ifunguliwe na kutiwa oili siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza.

Baadhi ya mashine zina pini laini inayoshika propela. Pini hiyo imekusudiwa kukatika propela igongapo mwamba, ili gia zipone. Kuweka msumari wa chuma badala yake ni kuhamisha hasara kutoka kwenye pini hadi kwenye gia.

Wajibu wa katibu

Kila mashine iwe na daftari lake: tarehe, saa ilizofanya kazi, petroli na oili iliyotolewa, hitilafu, na spea zilizofungwa. Daftari hilo huonyesha mapema mashine inayoanza kula mafuta kupita kawaida, kabla haijazimikia mbali na nchi kavu ikiwa na watu. Na kwa kuwa hakuna mashine isiyoweza kuzimika, boti isiruhusiwe kutoka bila makasia, plagi za akiba na pini za akiba.